Sahani ya Kwanza ya Mama

Pinder's Branch, South Carolina
14 Mei 1974

Mdogo wangu Leander,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo, kwa kadiri watu wa umri wetu wanavyoweza kusema hatujambo. Mgongo wa Hollis unamsumbua, lakini majani ya kaburi la Baba ameyafyeka bila kuambiwa, na wewe ukimpata shemeji wa namna hiyo huko Detroit niambie. Mvua imetunyima tangu Pasaka. Jirani yetu Bi Eula bado yupo na masikio yake bado yapo, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Laini ni moja kwa nyumba sita. Ukikohoa tu, Bi Eula ameshapeleka jina lako kwa Mchungaji Dantzler aliombee.

Juzi ilikuwa Siku ya Akina Mama. Kanisani tulibandika maua kifuani kama kawaida, jekundu kwa mwenye mama hai, jeupe kwa aliyefiwa. Mama akaniuliza kama na wewe huko umevaa jekundu. Nikamwambia umevaa. Kama hukuvaa, usiniambie.

Sasa nikupe lililonikalisha hapa mezani. Mama anataka nguruwe mzima achomwe nyumbani Sikukuu ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ndugu na marafiki wote waje tufunge kiangazi pamoja. Anataka mambo yote yawe kama zamani za Baba. Nilimwambia, Mama, shimo lile halijaona moto miaka kumi na tatu, tangu Baba aondoke. Akaniambia shimo haliozi. Hollis amelisafisha, kumbe ni matofali mawili tu yaliyobomoka. Binamu Thurman atapika hashi yake kwenye lile sufuria la chuma, ile rojo ya vichwa na maini ya kumwagia juu ya wali, na tayari ameanza kujisifu. Nguruwe yuko kwake, ananenepa bila kujua habari.

Kinachokosekana ni wewe, na visu viwili vya Baba ulivyovichukua baada ya mazishi. Wewe ndiye mtoto wa kiume wa pekee. Nani mwingine atamkatia Mama sahani ya kwanza? Unajua kwetu hakuna anayetia nyama mdomoni kabla mama wa nyumba hajala, na mama wa nyumba hali mpaka mwanawe amkatie kwa mkono wake. Viwanda vya Kaskazini vinafungwa siku hiyo, kwa hiyo usinitafutie sababu. Mama hajakuona miaka saba, Lee.

Msalimie Bernice. Mwambie mkate wake wa mahindi bado tunausema vizuri.

Dada yako,
Arletha

*

Detroit
9 Juni 1974

Dada Arletha,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa shemeji Hollis. Bernice hajambo, bado anafua nguo za hospitali. Huku joto limeanza.

Barua yako nimeipata. Habari ya nguruwe ni nzuri. Mimi siwezi kuahidi. Kiwandani kuna zamu za ziada na bosi hatabiriki.

Ua nilivaa jekundu.

Nduguyo,
Leander

*

Pinder's Branch
18 Juni 1974

Kwa Bwana Leander, Mwenye Mashine ya Chapa,

Hapa kwetu salama, Hollis anakusalimu, mahindi yamekauka nusu.

Nimepokea barua yako baada ya kusubiri karibu mwezi, na nimeisoma yote kabla chai haijapoa. Tangu lini tunaandikiana kwa taipu? Nilipoifungua nilidhani ni serikali inataka shamba. Mistari saba! Mama aliniomba nimsomee mara ya pili, nikaona haya, nikamuongezea ya kwangu. Nikasema umeuliza kama ule mti wa pekani wa nyuma bado unazaa njugu zake. Akafurahi, akanijibu kwa muda mrefu. Kwa hiyo ujue kwamba umeuliza habari za mti wa pekani.

Na ile sahihi yako ya chini imekaaje? Imelegea kama ya mtu aliyetoka kilabuni. Sisemi kitu, nauliza tu.

Nikuambie tulipofika. Wageni ni hamsini na kitu. Hollis ameshapasua kuni za mwaloni na kuzipanga nyuma ya banda zikauke. Nimeandika orodha, imebandikwa jikoni: wali mwekundu, maharage mapana, mahindi mabichi, kabichi ya siki, pai za viazi vitamu, matikiti maji. Mchuzi wa haradali nitapika mwenyewe kwa kipimo cha Baba. Mke wa Thurman amejitolea kuleta saladi ya viazi. Mara ya mwisho alinunua ya dukani, akaihamishia kwenye bakuli la mama yake, akadhani hatutajua. Watu walilikwepa bakuli lile kama lina nyoka. Safari hii nimemwambia atamenyea viazi hapa hapa, mbele yangu.

Mama amehamia chumba cha mbele. Anasema kina upepo. Lile gauni lake la manjano, lile uliloleta wewe, analitaka alivae siku hiyo, nami nimelipunguza pande zote.

Nataka neno moja tu kutoka kwako, Lee. Hata ukilichapa kwa taipu nitalikubali.

Arletha

*

Detroit
20 Julai 1974

Dada,

Salamu kwa wote. Samahani kwa kuchelewa. Bernice alikuwa na homa, sasa amepona.

Sitaweza kuja Septemba. Kazi imebana. Hollis anajua kukata, akate yeye.

Mwambie Mama mti wa pekani asiukate.

Leander

*

Pinder's Branch
29 Julai 1974

Leander,

Sote tuzima. Nafurahi Bernice amepona. Salamu zimeishia hapo, maana leo sina za kukupa.

Barua yako ilifika Alhamisi. Sikumsomea Mama. Nilimwambia posta imechelewa, na sasa kila siku saa tano anamtuma Hollis sandukuni. Mzee wa watu mwenye mgongo mbovu anatembea mpaka barabarani na kurudi mikono mitupu, huku barua yenyewe imo ndani ya aproni yangu. Umenifanya niwe mwongo kwa mama yangu.

Hollis akate? Hollis ni mume wangu, si mtoto wa Mama. Yeye mwenyewe nilipomwambia alitikisa kichwa, akasema, "Mimi nitachoma, nitageuza, nitafanya yote, lakini sahani ya Mama Hester sio yangu. Yule ataniangalia na sahani yangu mpaka ipoe." Na ni kweli, unamjua Mama.

Kama wewe huji, basi tuma visu. Umevikalia huko vya nini? Detroit unamkatia nani? Baba alivinoa miaka arobaini. Watu walikuwa wanasikia mlio wake wa kukata kwa mikono miwili tangu kanisani, ta-ta-ta, ta-ta-ta, wanajua chakula tayari. Wewe tu ndiye uliyeweza kuufuata mdundo ule, Baba alikufundisha mpaka vidole vikavimba. Sasa huji wala hutumi. Umefunika kisima na ndoo umeificha.

Nitakuuliza na unijibu, na kama ni pombe sema ni pombe, nitakuombea. Huo mkono wako umekuwa mzito kiasi gani hata hauwezi kumkatia mama yako kipande cha nyama?

Arletha

*

Detroit
17 Agosti 1974

Dada Arletha,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Sinywi.

Nataka unijibu na mimi. Je, Mama ni mzima? Mbona amehamia chumba cha mbele, na gauni umelipunguza? Nieleze ukweli.

Mwambie nakuja. Nitapanda basi Jumamosi, nitafika Jumatatu mchana. Visu nitakuja navyo.

Leander

*

Pinder's Branch
24 Agosti 1974

Lee, mdogo wangu,

Mungu akubariki, na zile habari za pombe zichome moto, mimi mdomo wangu unajulikana.

Nilimsomea Mama barua yako hii yote kama ilivyo, isipokuwa pale ulipouliza habari zake. Unajua alifanya nini? Aliomba kioo. Kisha akamwita Hollis, akampa amri za chanja, za makaa, za chumvi, utadhani ni Baba amefufuka. Bi Eula alisikia kelele akaja mbio akidhani kuna msiba. Mama akamwambia, "Mwanangu anakuja kunikatia nyama. Nenda katangaze, si ndiyo kazi yako?" Tulicheka mpaka Bi Eula mwenyewe akacheka.

Umeuliza kama Mama ni mzima. Mama yupo, anakuulizia asubuhi na jioni. Njoo ule naye.

Basi linakuacha pale kwenye njia panda, karibu na banda la kanisa. Hollis angekufuata na gari, ila siku hiyo hawezi kuacha moto. Tembea tu, utauona moshi. Mama anasema atakaa getini kuanzia saa nne, na kiti chake kimeshapakwa rangi.

Usivae suti, nakuomba. Njoo na nguo za kazi kama mtu anayekuja kula.

Dada yako anayekupenda,
Arletha

*

Pinder's Branch
12 Septemba 1974

Leander,

Salamu sina. Mama tumemzika jana, kando ya Baba, saa nane mchana. Mchungaji Dantzler aliendesha ibada, Thurman na Hollis walikuwa miongoni mwa wabebaji.

Sikukupelekea telegramu. Najua utauliza, kwa hiyo nakujibu. Ningeweza. Posta iko wazi na jina lako nalijua. Nilisimama pale dirishani, nikatoka. Nilisema moyoni, aliyealikwa kwenye chakula akakataa kuja, simwaliki kwenye kaburi.

Nataka uisikie ile siku ilivyokwenda, ulale nayo kama ninavyolala nayo mimi.

Moto ulikuwa mzuri. Nguruwe aliiva mpaka mbavu zikawa zinatoka kwa kuguswa na mkono. Watu walikuja sitini na tatu. Mama alitoka saa nne na gauni lake la manjano na kofia ya kanisani. Nilimpaka rangi kidogo mashavuni, maana alitaka. Akakaa getini na kipepeo chake cha kujipepea, uso barabarani. Saa sita ikafika, saa saba. Watoto wakaanza kulia njaa. Watu wakawa wanatazama meza kisha wananitazama mimi, na hashi ya Thurman ikaanza kushika chini. Nilimsihi, "Mama, ruhusu watu wale." Akasema, "Basi linachelewa. Kwani wamekuja kwa tumbo tu?"

Saa nane na nusu nikamwamuru Hollis akate. Alikata kwa visu viwili vya jikoni, kwa shida, mdundo unakatikakatika, watu wakampigia makofi kumsaidia. Nikampelekea Mama sahani. Akaiangalia. Akasema, "Hii imekatwa na nani?" Akaniambia niwape watu wale, nisiwatese watoto, ila yeye hakugusa hata kipande.

Baadaye kidogo akanishika mkono, akanionyesha upande wa kanisa. "Yule pale Leander. Amesimama bandani." Nikaangalia, jua likanipiga machoni. Niliona mtu mwenye koti anaondoka zake. Nani anavaa koti Septemba huku kwetu? Nikamwambia, "Mama, huyo ni mpita njia. Leander hayupo, amekudanganya, acha kumwota." Nilimwambia kwa ukali, mbele za watu. Aliomba sahani nyingine tupu na karatasi ya foili. Alipakua mwenyewe nyama, wali, kipande cha pai, akaifunga, akaandika jina lako kwa penseli kwenye kipande cha plasta. Akasema, "Atakula akirudi."

Jumanne hakuinuka kitandani. Jumatano nilifungua friji nikaiona sahani yako imekaa pale na jina lako juu yake, nikaichukua nikawamwagia mbwa wa Hollis. Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa inalia, Mama akakata roho.

Sasa nikuambie ambalo sikukuandikia kiangazi chote. Alikuwa na uvimbe tumboni tangu Aprili. Daktari wa mjini alisema hafiki Oktoba, pekani zinapoanguka. Tangu Juni alikuwa anakunywa uji tu. Alikuwa anajitunzia njaa yake kwa ajili ya sahani moja, na mimi alinikataza kukuambia. Unakumbuka Baba alipougua? Tulikupelekea telegramu, ukaja mbio Jumanne, mwezi wa Machi, na suti nyeusi. Baba alikuona mlangoni. Wewe ulikwenda kuweka mzigo, hukumsikia. Alisema, "Kumbe nimefika hapo." Akageukia ukuta, hakusema tena mpaka akafa. Mama aliapa siku ile kwamba katika nyumba hii hakuna mtoto atakayeitwa kwa ajili ya ugonjwa. Alisema mtoto aitwe kwenye chakula, aje anacheka. Ndiyo maana kukawa na nguruwe, na wageni, na kuni za mwaloni. Yote yale yalikuwa ni kukuita wewe.

Nawe ukaandika "nakuja".

Usijibu kama huna la kusema.

Arletha

*

Detroit
30 Septemba 1974

Dada Arletha,

Utaona hii si taipu. Ni mkono wangu wa kushoto. Nimekuwa nikiufundisha, na bado unaandika kama mtoto wa darasa la kwanza, nisamehe.

Uliniuliza mkono wangu umekuwa mzito kiasi gani. Dada, mkono wenyewe haupo. Mwezi wa Februari mashine ya kukandamiza bati iliushika wa kulia, wakaukata chini kidogo ya kiwiko. Hakuna zamu za ziada. Sijaingia kiwandani tangu siku hiyo. Ile taipu niliazima kanisani, nachapa kwa kidole kimoja, ndiyo maana barua zilikuwa fupi. Sahihi ilikuwa ya kushoto. Bernice alitaka kukuandikia tangu siku ya kwanza, nikamkataza. Nilisema Mama asijue, atalia. Na ukweli wenyewe ni kwamba niliona aibu. Mimi ni mtoto wa Ezekiel, najulikana kwa visu viwili. Nije na kimoja?

Yule mwenye koti alikuwa mimi.

Nilishuka njia panda saa nane na robo. Begani nina mfuko wa visu, mkono mtupu wa koti nimeuchomeka mfukoni. Nilisimama kwenye banda la kanisa nikaona moshi, nikasikia harufu ya haradali, miguu ikawa myepesi, nikataka kukimbia kama mtoto. Kisha nikasikia visu vinaanza. Ta-ta, vinakatika, ta-ta. Watu wakapiga makofi. Nikajua nikitokea tu, Thurman atapiga kelele, "Lee huyo! Mpisheni amkatie Mama!" Na watu sitini watageuka, na Mama atanyoosha sahani, na mimi nitasimama pale.

Nilimwona Mama. Amevaa gauni la manjano, amekaa wima na kofia yake, mashavu yana rangi. Nikasema, mzima kabisa, Arletha angeniambia kama ana jambo. Nikasema, mwakani nitakuwa nimejifunza kushoto, nitakuja mwakani. Aliniangalia, Dada. Aliinua kipepeo. Nilidhani anafukuza nzi.

Nikageuka. Basi la jioni nilipanda.

Kwa hiyo Mama hakuwa anaota. Nilitaka ulijue hilo, ingawa najua utanichukia zaidi.

Na mimi nina langu. Nilikuuliza kwa maandishi, je, Mama ni mzima? Ungenijibu neno moja, ningekuja nikitambaa. Ulinijibu "yupo".

Visu navituma kwa posta pamoja na barua hii. Mpe Hollis. Vinataka mtu mwenye mikono miwili.

Mwezi wa tano nitavaa jeupe.

Nduguyo,
Leander

*

Pinder's Branch
15 Oktoba 1974

Leander,

Salamu kwako na kwa Bernice. Mwambie ninajua sasa alichobeba, na kwamba ningefurahi kama angeniandikia bila ruhusa yako. Hollis alilia nilipomsomea habari ya mkono wako. Mimi sikulia mbele yake. Pekani zimeanza kuanguka, nimeokota debe moja.

Nimesoma barua yako na nimekaa siku tano bila kujua nianzie wapi. Unataka nikuambie hukukosea? Ulikosea. Ulisimama hatua mia mbili kutoka kwa mama yako mwenye njaa ukaenda zako kwa sababu ya makofi ya watu. Angekula, Lee. Hata ungeichana nyama kwa meno angekula. Mama alikuzaa na mikono miwili, lakini aliyekuwa anamsubiri getini ni wewe.

Na mimi nilikosea. Uliuliza ukweli nikakuficha. Neno moja tu nilipaswa kuandika. Nilijiambia namtii Mama, lakini nilikuwa pia na hasira, nilitaka uje bila kusukumwa ili nikushinde. Halafu nikamwita Mama muotaji mbele ya wageni, wakati macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Hilo linanijia kila nikiosha vyombo. Na sahani aliyokufungia kwa mkono wake niliwapa mbwa. Usifikiri nimesahau kwamba mimi ndiye niliyefanya hivyo.

Sijakusamehe. Sijui kama mwaka huu nitaweza, na sikuombi unisamehe kwa haraka.

Visu vilifika Ijumaa. Hollis hakutaka hata kuvitoa kwenye karatasi. Nilivitoa mimi, nikavinoa, nikavipaka mafuta. Kimoja nimebaki nacho. Kingine kimo ndani ya kifurushi hiki, nakurudishia. Ni kile cha kushoto, chenye mpini ulioliwa na kidole gumba cha Baba.

Jifunze nacho. Mama wa nyumba hii sasa ni mimi, na mtoto wa kiume sikujaliwa, na damu ya kiume ya Ezekiel imebaki kwako tu. Jumatatu ya kwanza ya Septemba kiti kitakuwa getini. Nitakaa mimi. Watu watasubiri, watoto watalia, hashi ya Thurman itashika chini, na Hollis nitamkataza kushika kisu.

Usipokuja, sitakula.

Arletha